Miezi Minane Bila Kadi ya Michoro

Kwa muda wa miezi minane niliilaumu kompyuta yangu kwa kosa nililolitenda mwenyewe. Feni ilivuma kila nilipofungua video, betri iliyokuwa ikinifikisha jioni ikawa inakata roho kabla ya saa nane mchana, na nilipoburuza ramani kwenye kivinjari ilisogea kwa kushtukashtuka, kipande hapa kipande pale, kama mtu anayevuta gunia zito kwenye sakafu mbovu. Nilipuliza vumbi, nikapunguza programu zinazojiwasha pamoja na mashine, nikafika hata hatua ya kutafuta betri mpya. Siku moja, nikiwa napekua mipangilio ya kivinjari kwa shida nyingine kabisa, nikakuta mstari mmoja umezimwa: ule unaoruhusu kivinjari kitumie kadi ya michoro, chipu inayochora kile unachokiona kwenye skrini, inapopatikana.

Niliuzima mimi. Miezi minane kabla ya siku hiyo, baada ya kusasisha mfumo wa kompyuta, kurasa zilianza kuonyesha mabaka meusi ya pembe nne, maandishi yakawa yanamegeka katikati ya mstari, na menyu nilizozifunga ziliacha vivuli vyake nyuma. Niliuliza mtandaoni, na jibu nililolikuta kila mahali lilikuwa fupi: zima uharakishaji wa maunzi, yaani ile ruhusa ya kivinjari kukabidhi kazi za kuchora kwa kifaa chenyewe, kadi ya michoro. Nikazima, mabaka yakatoweka, nikashukuru na kuendelea na shughuli zangu. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikujiuliza, kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na kadi ya michoro haikufutika bali ilihamishiwa kwa prosesa, chipu kuu ya kompyuta, ambayo tayari ilikuwa na mzigo wake.

Sina ugomvi na ushauri wenyewe. Ninachokipinga ni ule mtindo wa kuutoa kama tiba, ilhali kwa sehemu kubwa ni kipimo. Kuzima swichi hii na kuona tatizo limeondoka kunakueleza kwamba hitilafu iko mahali fulani kati ya kivinjari, kadi ya michoro na draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kadi hiyo. Hakujaondoa hitilafu hiyo, na kila siku unayoiacha swichi imezimwa unalipa gharama ambayo huenda hata hujui kwamba unailipa.

Gharama hiyo inaeleweka vizuri ukifanya hesabu kidogo. Ukurasa wa wavuti unapofika, kivinjari husoma msimbo wake, hukadiria kila kitu kikae wapi na kwa ukubwa gani, kisha huchora vipande vyake kwenye matabaka na kuyapandisha matabaka hayo moja juu ya jingine hadi ipatikane picha moja ya kupeleka kwenye skrini. Skrini ya upana wa pikseli 1920 na urefu wa 1080 ina pikseli, vile vidoa vya rangi vinavyounda picha, 2,073,600. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, maana yake kila picha ina takribani milisekunde 16.7 za kuandaliwa, na ikichelewa jicho huona mshtuko. Ukizidisha, unapata pikseli zaidi ya milioni 124 kwa sekunde, na kwa kuwa kila pikseli kwa kawaida huchukua baiti 4, hizo ni karibu megabaiti 500 za rangi tupu kila sekunde. Ni kweli kwamba vivinjari vya sasa havichori kila kitu upya bila sababu. Ukurasa uliotulia haudai kazi kubwa. Lakini mara tu unapoanza kuuteremsha, au kukutana na vivuli, uwazi na picha zinazofifia na kujitokeza, hesabu hiyo huanza kuuma.

Prosesa ina viini vichache vyenye akili nyingi, vilivyotengenezwa kwa kazi zinazofuatana na zenye maamuzi magumu. Kadi ya michoro ina mamia au maelfu ya viini vidogo vinavyofanya hesabu ileile kwa wakati mmoja juu ya pikseli tofauti. Kumpa prosesa kazi ya kupandisha matabaka ya picha ni kama kuwaita mafundi wanne stadi waje wachimbe mtaro wa maji huku vibarua mia tano wamekaa kivulini. Mtaro utachimbwa, ila mafundi watachoka, na kazi waliyoajiriwa kuifanya itasubiri. Jambo hili halitegemei kompyuta kuwa na kadi kubwa ya michezo, kwa sababu chipu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa ya kawaida ya kompyuta mpakato inatosha kwa kurasa za kila siku, na ndiyo ambayo mimi niliiacha bila kazi.

Kuna sehemu moja ya suala hili ambayo naona haizungumzwi vya kutosha, nayo ni video. Watu wengi hudhani kwamba kadi ya michoro hufungua video kwa viini vilevile inavyochorea kurasa, lakini sivyo. Ndani ya chipu kuna eneo dogo lililojengwa mahususi kwa ajili ya kusimbua video, yaani kuifungua video iliyobanwa, na eneo hilo linajua tu miundo ya kubana video ambayo watengenezaji wake waliichonga humo tangu kiwandani. H.264, muundo wa mwaka 2003, unajulikana karibu na kila chipu inayotumika leo. VP9 ulikuja mwaka 2013, na AV1 mwaka 2018, yote miwili kwa lengo la kubana video zaidi bila kuharibu sura yake. Kadiri muundo unavyobana zaidi ndivyo kuufungua kunavyohitaji hesabu nyingi zaidi, na hapo ndipo eneo lile dogo linapoonyesha thamani yake: linafungua video kwa umeme kidogo sana, huku prosesa ikikaa karibu bila kazi.

Sasa angalia kinachotokea muundo unapokuwa mpya kuliko chipu. Uwezo wa kusimbua AV1 kwa maunzi uliingia kwenye prosesa za Intel za kizazi cha 11, kwenye kadi za NVIDIA za mfululizo wa RTX 30 na kwenye nyingi za mfululizo wa RX 6000 za AMD, zote zikiwa zimeanza kutoka mwaka 2020, na kwa upande wa kompyuta za Apple uliingia na chipu za M3 mwaka 2023. Kompyuta ya mwaka 2017 ikipokea video ya AV1 itaifungua kwa prosesa hata kama swichi imewashwa, kwa sababu kadi yake haina pa kuanzia. Ndiyo maana watu wawili wenye kivinjari kimoja na mipangilio ileile wanaweza kubishana mpaka usiku, mmoja akiapa kwamba swichi inasaidia na mwingine akiapa kwamba haina maana yoyote, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Kwenye Linux mambo yalichelewa zaidi, kwani Firefox ilianza kusimbua video kwa maunzi ya Intel bila mtumiaji kugusa chochote katika toleo la 115, la Julai 2023. Kabla ya hapo ilibidi mtu aingie mwenyewe kwenye mipangilio ya ndani na kuiwasha kwa mkono.

Historia ya swichi yenyewe si ndefu. Machi 2011 ilikuwa na shughuli nyingi: Internet Explorer 9 na Firefox 4 zilitoka mwezi huo zikiwa na uchoraji unaotegemea kadi ya michoro, na mwezi huohuo ikatangazwa WebGL 1.0, njia ya kuchora vitu vya pande tatu ndani ya ukurasa. Kabla ya hapo kivinjari kilikuwa programu ya kuonyesha maandishi na picha, na prosesa ilikimudu bila jasho. Tangu hapo kurasa zimeandikwa kwa kudhani kwamba kadi ya michoro ipo na inafanya kazi. Kuizima leo si sawa na kuizima wakati ule, kwa sababu kurasa zenyewe zimebadilika.

Kuwasha na kuzima kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Kwenye Chrome unafungua mipangilio, unakwenda sehemu ya mfumo, na mstari unaohusu kuharakisha michoro uko hapo. Brave, Vivaldi na Opera, kwa kuwa zimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, zinafanana nayo, na Edge imeuweka mstari huo katika sehemu ya mfumo na utendaji. Firefox ina tofauti ndogo inayowapoteza wengi: katika sehemu ya jumla, chini ya utendaji, inakubidi kwanza uondoe alama kwenye mipangilio inayopendekezwa, ndipo mstari wa uharakishaji ujitokeze. Kwenye Safari hutakuta swichi kama hiyo katika mipangilio ya kawaida, na sidhani kama wengi wameikosa.

Jambo moja tu la kuzingatia hapa ni kwamba mabadiliko hayaanzi mpaka kivinjari kifungwe chote na kufunguliwa upya. Kufunga kichupo hakutoshi, na kwenye vivinjari vya Chromium wakati mwingine hata kufunga madirisha yote hakutoshi, kwa kuwa kivinjari kinaweza kuwa kimeruhusiwa kuendelea kufanya kazi kwa chinichini. Tumia kitufe cha kuanzisha upya kinachojitokeza pembeni mwa swichi yenyewe. Nimewahi kumwona mtu akihitimisha kwamba swichi haikubadilisha chochote, kumbe alikuwa bado yuko ndani ya kivinjari kilekile kilichowashwa asubuhi.

Baada ya kuwasha, usiiamini swichi. Maneno yake yanasema kadi itumike inapopatikana, na neno hilo la mwisho limebeba mengi. Vivinjari huja na orodha ya kadi na draiva zinazojulikana kwa matatizo, na kivinjari kikiikuta yako humo kitaizima kazi husika kimyakimya huku swichi ikiendelea kuonyesha kwamba imewashwa. Ukweli unapatikana kwingine. Andika chrome://gpu kwenye sehemu ya anwani, au edge://gpu kama unatumia Edge, na utaona orodha ya kazi mbalimbali, kila moja ikiwa na hali yake: ipi inafanywa na maunzi, ipi inafanywa na programu tu, ipi imezimwa. Kwenye Firefox andika about:support, shuka hadi sehemu ya michoro, na utafute mstari unaotaja WebRender, mchoraji wa kurasa wa Firefox; likiwepo jina hilo peke yake kadi inatumika, likiambatana na neno la kuonyesha kwamba ni la kiprogramu, basi prosesa ndiyo inayobeba kazi. Ukurasa huu mmoja ungeniokolea miezi minane.

Kwa video, njia rahisi zaidi ni kuangalia mzigo wenyewe. Fungua video moja, kwa ubora uleule, mara moja swichi ikiwa imewashwa na mara nyingine ikiwa imezimwa, huku msimamizi wa kazi wa Windows akiwa wazi kwenye ukurasa wa kadi ya michoro, ambako kuna grafu ya pekee ya usimbuaji wa video. Ikipanda, eneo lile dogo linafanya kazi. Ikilala chali huku prosesa ikipanda, ama swichi haikuchukua ama muundo wa video ni mgeni kwa chipu yako. Vivinjari vya Chromium vina msimamizi wake wa ndani pia, anayefunguliwa kwa Shift na Esc, na humo utauona mchakato wa kadi ya michoro ukiwa na mstari wake peke yake.

Mchakato huo kutengwa namna hiyo si bahati mbaya. Draiva za michoro ni programu kubwa na tata, huandikwa na watengenezaji wa kadi wala si na watengenezaji wa kivinjari, na zinaanguka. Kwa kuiweka kazi yote ya michoro katika mchakato wake, Chromium huhakikisha kwamba draiva ikianguka haivuti kivinjari kizima. Unachokiona ni skrini kuwa nyeusi kwa sekunde moja kisha kurudi. Ikianguka mara kadhaa katika muda mfupi, kivinjari hukata tamaa na kuendelea bila kadi. Windows nayo ina ulinzi wake: kadi ikikaa takribani sekunde 2 bila kujibu, mfumo huianzisha upya draiva na kuendelea. Kwa hiyo kama skrini yako huzimika na kuwaka katikati ya video, uwezekano mkubwa si waya uliolegea, ingawa waya nao si wa kusamehewa moja kwa moja.

Hapa ndipo ninapoona thamani halisi ya swichi. Umezima, shida imeondoka; vema, sasa unajua pa kutafuta. Hatua inayofuata ni draiva: pakua toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi au wa kompyuta, na kama shida ilianza mara baada ya kusasisha, rudi kwenye toleo la nyuma, kwani mara nyingi sasisho lenyewe ndilo lililoleta balaa. Kisha washa tena na upime. Kwa wenye kompyuta mpakato zenye kadi mbili, ile ndogo ya ndani na ile kubwa ya pembeni, kuna jambo la kujaribu kabla ya kukata tamaa: mipangilio ya Windows, katika sehemu ya skrini na michoro, inakuruhusu kukiambia kivinjari kitumie kadi ipi, na nimeona mabaka yakiisha kwa kubadilisha chaguo hilo peke yake.

Ipo pia njia ya katikati ambayo wachache huitaja. Chromium hutumia mkalimani anayeitwa ANGLE, ambaye kazi yake ni kuzipokea amri za kuchora na kuzigeuza kuwa lugha ambayo mfumo unaielewa, iwe Direct3D kwenye Windows, Metal kwenye macOS, au Vulkan na OpenGL kwingineko. Hitilafu ikiwa imejificha katika njia moja ya tafsiri, huenda njia nyingine ni salama. Ukurasa wa chrome://flags una mstari wa kuchagua mkalimani atumie lugha ipi, na kubadilisha mstari huo mmoja ni bora kuliko kuiweka kadi nzima kando. Ni ukurasa wa majaribio, kwa hiyo badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukumbuke ulikianzia wapi. Ukivuruga, kuna kitufe cha kurudisha kila kitu kilivyokuwa.

Nisieleweke kwamba kuizima ni kosa daima. Ndani ya kompyuta pepe, ile inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine, au unapoiendesha kompyuta iliyo mbali kupitia mtandao, kadi ya kweli mara nyingi haifikiki, na kulazimisha kunaleta fujo kuliko faida. Zipo programu za kurekodi au kushiriki skrini ambazo huona dirisha jeusi mahali palipo na kivinjari, na kuzima kunaweza kuwa njia ya haraka ya kuokoa mkutano ulioanza; ila zile filamu za kulipia zinazogeuka nyeusi unapojaribu kuzirekodi, hizo zimewekewa ulinzi kwa makusudi na si hitilafu ya kadi. Zipo pia mashine za zamani ambazo mtengenezaji aliacha kuzitolea draiva, na kwa hizo prosesa ndiyo kimbilio. Firefox ina hali ya utatuzi inayoanza bila viongezi na bila uharakishaji, nami napenda kuitumia kwanza kwa sababu huwezi kuisahau: ukifungua kivinjari kwa kawaida, kila kitu kinarudi mahali pake.

Nitoe onyo dogo kabla sijaendelea. Windows 10, tangu sasisho la Mei 2020, ina swichi nyingine yenye jina linalofanana sana na la swichi hii ya kivinjari, inayohusu upangaji wa foleni ya kazi za kadi ya michoro kwa mfumo mzima. Haihusiani moja kwa moja na kivinjari, lakini watu huambiwa wazime moja wakazima nyingine, kisha hurudi kulalamika kwamba ushauri haukufaa.

Sasa nirudi kwenye mashine yangu. Siku ile nilipoikuta swichi imezimwa, nilijiandaa kwa kazi: nilitafuta draiva mpya, nikanakili namba ya toleo la zamani ili niweze kurudi nyuma, nikatenga jioni nzima. Kisha, kabla ya kugusa chochote, nikawasha swichi ili nione mabaka yamefikia wapi. Hayakuwepo. Nilifungua ramani, nikaiburuza huku na huko, nikafungua video tatu kwa pamoja, nikafungua na kufunga menyu kama mtoto, na hakuna kilichomegeka. Draiva ilikuwa imesasishwa na mfumo wenyewe wakati fulani katika miezi ile minane, pengine katika wiki ya pili, na tangu hapo nilikuwa nikibeba mzigo wa hitilafu iliyokwisha kuzikwa. Feni ilinyamaza jioni ileile. Betri mpya sikuinunua.

Nina kompyuta ya pili, kuukuu, ambayo swichi yake nimeiacha imezimwa kwa kujua. Kwenye fremu ya skrini yake nimebandika kipande cha karatasi kilichoandikwa kwamba michoro imezimwa, pamoja na tarehe. Kila kivinjari kinapopata toleo jipya kubwa, nawasha, naanzisha upya, nafungua chrome://gpu, kisha ramani. Mara ya mwisho mabaka yalirudi kabla ramani haijamaliza kupakia, nikazima tena na kuandika tarehe mpya chini ya ile ya zamani.